Tumbo na Kamera Visipande Pikipiki Moja

Nimestaafu kabla sijatimiza miaka thelathini. Najua neno hilo litawachekesha. Lilimchekesha pia Mama Neema, mwenye studio ya picha, nilipomwambia kwamba nakwenda Goma kufundisha kompyuta kwenye shule ya sekondari, na kwamba barabara sasa iwe yenu ninyi wawili mnaopokea kazi yangu. Alicheka, kisha akasema kila anayeacha begi lazima aseme ndani yake mna nini. Kwa hiyo naandika. Sijui kama miaka michache ya kubeba picha za watu kati ya Sake, Masisi na Walikale inaitwa kazi ya maisha, au ni kipindi tu cha kungoja kazi nyingine. Nimelifikiria swali hilo kuliko linavyostahili na sijalipatia jibu. Mtaona kwamba majibu yangu ni machache. Mambo ya begi, hata hivyo, nayajua.

Siku ya kwanza nilifika studio ya Sake na diploma yangu ndani ya bahasha ya plastiki, maana sikuwa na uhakika kama Mama Neema angeomba kuiona. Hakuomba. Alikuwa amekaa karibu na dirisha linaloangalia njia panda, akikata picha ndogo za kitambulisho kwa mkasi, na nje malori ya viazi yalikuwa yakipigiana honi. Aliniambia nikae, akaweka mbele yangu vitu vitatu: kamera, kichupa cha dawa kilichojaa kadi za kumbukumbu, na kisanduku cheusi kinachotoshana na kipande cha sabuni ya kufulia.

Kisanduku hicho ndicho Tumbo. Jina nililikuta. Unakipa kadi ya kamera, kinameza picha zote zilizomo bila kompyuta, kwa betri yake yenyewe, hata mkiwa juu ya mlima. Kina kioo kidogo chenye mstari unaotembea. Mstari ukifika mwisho, picha zimelala mahali pawili.

"Foto ikiwa moja, hauna kitu," alisema Mama Neema. "Zikuwe mbili, njo unaweza kulala."

Nilimwuliza: picha ikiwa kwenye kadi na ikiwa pia ndani ya Tumbo, ipi ndiyo yenyewe? Na nikifuta ya kadi ili nipate nafasi, ya Tumbo inageuka kuwa yenyewe, au inabaki nakala ya kitu ambacho hakipo tena? Aliacha kukata, mkasi ukiwa wazi mkononi. Kisha akamgeukia kaka Bahati, mwendesha pikipiki wa studio, aliyekuwa mlangoni akikwangua matope kwenye viatu vyake.

"Huyu alisoma mingi," akamwambia.

Tangu hapo Bahati aliniita Dada Licence, kwa jina la shahada yangu ya chuo kikuu, na waendesha pikipiki wote wa njia panda wakamwiga. Swali langu halijajibiwa hadi leo.

Sheria ya kwanza ya studio ni ile niliyoiweka kichwani mwa maandishi haya: Tumbo na kamera visipande pikipiki moja. Aliyenitangulia alianguka mtoni na begi lake, na ndani ya begi kulikuwa na kadi na nakala zake, pamoja, zikiwa zimefungwa vizuri sana. Zilizama zikiwa zimefungwa vizuri. Kwa hiyo tulisafiri kwa pikipiki mbili. Mimi na kamera nyuma ya dereva wa kukodi, Bahati mbele, Tumbo likiwa kifuani mwake ndani ya jaketi.

Safari ya kwanza nilitumia mlima mzima kuwaza ni pikipiki ipi inafaa itangulie. Ya mbele ikianguka, ya nyuma itaiona na kusimama. Ya nyuma ikianguka, ya mbele itaendelea bila kujua. Lakini kama kilicho muhimu kiko mbele, je, si afadhali kiwe nyuma? Tulipopumzika nilimweleza Bahati hesabu zangu zote. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wachache hulifanya.

"Dada Licence," akasema, "tuanguke kwanza, kisha tutajua."

Mengine niliyojifunza ni madogo, nayo ndiyo yatawasaidia zaidi. Kule juu wanakofuga ng'ombe kuna baridi, na baridi inakula betri. Zilazeni kwenye nguo za ndani, si begini. Msitie kadi ndani ya Tumbo huku pikipiki inatembea. Kadi tupu ziangalie juu ndani ya kichupa, zilizojaa ziangalie chini, na msibadilishe mtindo huo hata mkijiona mna akili. Mstari ukifika mwisho, msiuamini. Fungueni picha ya mwisho kabisa, kisha moja ya katikati. Picha ya kwanza hufunguka daima, hata mambo yakiwa yameharibika, kwa hiyo haisemi kitu.

Mtakutana na kazi ngumu za kila aina. Familia moja ya wafugaji iliniita nipige picha ya kila ng'ombe pamoja na mtoto atakayemrithi. Nilipowaletea picha, wakaanza kubishana kama ng'ombe wa picha ya tatu ndiye yule ama ni dada yake, na bibi wa nyumba akasema kamera imewachanganya. Nilirudi nikiwa sina uhakika kama nilipiga ng'ombe wale. Walinipa jibini kubwa, nikaikubali nikiwa bado nawaza.

Lakini kazi ninayotaka muijue vizuri ni ile ya kikwembe cha Papa Bauma.

Papa Bauma ni mkulima wa maharagwe na mihogo juu ya Nyabiondo, kwenye kilima ambacho pikipiki inakifikia kwa shida. Binti yake Furaha alikuwa anaolewa na mwalimu wa Kibua, upande wa Walikale. Arusi ilikuwa huko huko Kibua, na Papa Bauma asingeweza kwenda. Miguu yake ilikuwa imevimba, na hakuna namna ya kumkalisha mtu kama huyo juu ya pikipiki kwa barabara ile. Alituita, mimi na Bahati, tukiwa njiani kwenda kwenye arusi. Alitukalisha, mke wa mwanawe akatuletea mahindi ya kuchoma, na yeye akatueleza neno moja tu alilolitaka.

Mke wake alikuwa amefariki. Aliacha kikwembe cha buluu, kitenge chake cha kujifunika, ambacho Furaha alikuwa amekwenda nacho Kibua kumkabidhi mama mkwe. Papa Bauma aliwaomba wakwe kwamba wakati wanampokea bibi arusi uani, mama mkwe amfunike kikwembe hicho mabegani, ili marehemu naye awe amemsindikiza mtoto wake. Wakwe walijibu kwamba wamekwisha kununua vikwembe vipya, vya kufanana, kwa wanawake wote. Hawakukataa. Hawakukubali pia. Mzee alikuwa amebaki na jibu hilo tangu lilipomfikia, na alikuwa analigeuza kila upande. Nilimwelewa kuliko alivyojua.

Nje, karibu na mlango, palifungwa mbuzi jike mwenye mimba. Papa Bauma alimwonyesha kwa kidole.

"Kama walimuvika, ile mbuzi inakwenda Kibua," alisema. "Kama hawakumuvika, inabakia hapa. Na mimi nitajua nilimupeleka mutoto wangu kwa watu gani."

Bahati akamwambia, kwa kumtuliza, kwamba tutamletea habari. Mzee akatikisa kichwa.

"Habari, hapana. Nikiuliza watu, wote watasema walimuvika. Hata Furaha atasema. Muzee anaambiwaka mambo ya muzuri tu. Foto haina heshima. Njo ile ninataka."

Kwa sababu ya wasiwasi wangu nilimweleza habari yote ya kadi, Tumbo, na pikipiki mbili, ili aamini kwamba picha itafika. Alipenda sana. Aliniomba nirudie maneno ya Mama Neema, kwamba zikuwe mbili, na akayarudia mwenyewe taratibu.

Arusi ya Kibua ilikuwa nzuri na yenye mvua. Kanisani nilipiga picha nyingi mno, kama kawaida yangu. Baadaye tukaenda uani kwa wakwe. Wanawake walimzunguka Furaha, wakamfunika kikwembe kipya cha njano kama chao, nami nikamfikiria yule mbuzi. Ndipo mama mkwe akafungua mfuko wake, akatoa kile cha buluu, akakiweka juu ya kile cha njano, akakivuta mpaka kikae sawa begani. Nilikuwa mbele yao. Nilipiga picha. Waliokuwa na simu walikuwa nyuma ya mduara, na tulipoangalia simu zao baadaye tuliona migongo ya wanawake.

Jioni hiyo nilitia kadi ndani ya Tumbo. Mstari ulianza vizuri, ukafika katikati au kuipita kidogo, kisha kioo kikazima. Betri ilikwisha. Kibua hapakuwa na umeme wa kulichaji. Sikujua limemeza kiasi gani, kwa hiyo sikufuta kitu kwenye kadi. Asubuhi tukaondoka kwa pikipiki mbili kama sheria inavyotaka.

Nyabiondo kuna nyumba ya kuchaji, mali ya kaka Jospin. Ana jenereta, ana kompyuta ya zamani, na mbele ya kompyuta ana meza. Nilikusudia kulichaji Tumbo hapo na kumalizia kunakili, kabla hatujapanda kwa Papa Bauma. Jospin hakuwepo. Mke wake alipokea Tumbo, akalichomeka kwenye umeme, na mimi nikaweka kadi pembeni yake, juu ya meza, nikatoka kumsaidia Bahati ambaye tairi lake lilikuwa limepata pancha.

Nilichokuwa sijui ni kazi ya ile meza. Watu wa milimani wakishuka sokoni huacha kadi za kumbukumbu za simu zao juu yake, wanakwenda kuuza maharagwe, wanarudi kadi ikiwa na nyimbo. Hakuna anayeeleza kitu. Kadi iliyolala mezani imekuja kutafuta nyimbo. Jospin anajua shemasi anapenda kwaya gani na mchuuzi wa maziwa anapenda muziki gani, na kadi asiyoijua anaifuta kwanza, kwa sababu kadi za zamani huwa na uchafu unaozuia simu kuzisoma.

Niliporudi, Jospin alikuwa amekwisha kurudi, akanikabidhi kadi yangu akitabasamu. Alisikia kwamba ni ya dada wa studio, akaniwekea kwaya nzuri kabisa alizokuwa nazo, na hakutaka kitu.

Sikuelewa mara moja. Nilirudisha kadi kwenye kamera, na kamera ikasema hakuna picha. Nikaiondoa, nikairudisha. Nikafikiri nimechukua kadi ya mtu mwingine. Nikafikiri labda kamera imeharibika. Nilijenga maelezo mengi yenye akili, na yote yalikuwa mazuri kuliko ukweli. Bahati ndiye aliyemwuliza Jospin amefanya nini, na Jospin akatueleza kwa upole, hatua kwa hatua, kama mtu anayejivunia kazi yake. Tulipomweleza kilichokuwemo, alikaa chini.

"Lakini ilikuwa kwa meza," alisema.

Mpaka leo sijaweza kukataa neno hilo. Ilikuwa kwa meza.

Tumbo lilipowaka, lilikuwa na kanisa lote na nusu ya picha za keki iliyokatwa baada ya kanisa. Uani halikufika.

Sasa hapa kuna jambo la kujua. Kadi ikifutwa, picha haziondoki siku hiyo. Kinachoondoka ni kumbukumbu ya mahali zilipo. Picha zenyewe zinakaa palepale, kimya, mpaka kitu kingine kije kulala juu yake. Nilikuwa nimesoma hilo chuo kikuu na kulifaulu, lakini nilikuwa sijawahi kusimama barabarani nikiwa na bibi arusi wa watu chini ya kwaya. Sehemu fulani ya kadi ilikuwa imefunikwa na nyimbo, sehemu nyingine haikufunikwa. Ipi? Picha ile ipo, au haipo? Kama ipo lakini hakuna anayeweza kuiona, ipo kwa ajili ya nani? Bahati alinishika bega akaniuliza kuna kitu cha kufanya ama hakuna. Nikasema kipo: kadi isiguswe tena, isiwekwe kwenye simu wala kamera, ishuke Sake kwa Mama Neema, mwenye programu ya kutafuta vilivyofutwa.

Hatukupanda kwa Papa Bauma. Bahati alimtumia salamu kwa jirani yake kwamba picha zinatengenezwa. Jirani akarudisha jibu: mbuzi bado iko kwa mulango.

Sake, Mama Neema alisikiliza bila kunikata. Hakunigombeza, na hilo lilinichanganya zaidi. Aliichomeka kadi, akaanzisha programu, tukakaa kungoja huku umeme ukikatika na kurudi. Picha zikaanza kutoka bila majina na bila mpangilio, kama watu wanaotoka kwenye nyumba iliyojaa moshi. Jiko la Kibua. Mguu wa mtu. Mduara wa wanawake. Nyingine zilikuwa nusu, juu picha, chini rangi ya kijivu tupu.

Picha ya kikwembe ilitoka moja. Uso wa Furaha ulikuwepo, mkono wa mama mkwe ulikuwepo, bega lenye kitambaa cha buluu lilikuwepo. Kuanzia kifuani kushuka, kijivu. Na juu ya ile buluu, pale begani, palikuwa na doa la kahawia ambalo sikukumbuka kuliona. Nikaangalia picha nyingine ya mduara uleule. Kulikuwa na doa kama lile kwenye ukuta wa nyumba. Basi nikajua, au nikadhani najua, kwamba madoa ni ugonjwa wa kadi. Na kama doa ni ugonjwa, buluu je? Labda ni kikwembe cha njano kilichobadilishwa rangi. Niliona kwa macho yangu mama mkwe akikitoa mfukoni, lakini kila nilivyozidi kuitazama picha ndivyo macho yangu yalivyozidi kutokuwa na uhakika. Mama Neema alichapa picha zote mbili, akaniambia niende nazo kabla sijaanza kutilia shaka kama kuna mahali panaitwa Kibua.

Papa Bauma alikuwa ameketi nje. Mbuzi alikuwa amefungwa palepale. Nilimweleza yote kabla sijamwonyesha kitu: meza, nyimbo, kijivu. Kisha nikampa picha. Aliishika karibu sana na uso, akaisogeza mbali, akairudisha.

"Hii ya majivu njo nini?"

Nikamwambia hapo ndipo nyimbo zililala.

"Nyimbo gani?"

Nikasema za kwaya. Akakubali kwa kichwa, kama kwamba jambo hilo linapunguza kosa. Kisha kidole chake kikasimama juu ya doa la kahawia.

"Pasi," akasema. "Niliichoma mimi. Mama yake alikuwa na homa, nikasema nitapiga pasi mimi mwenyewe. Alinicheka mpaka akakufa."

Ningeweza kunyamaza. Nilitoa picha ya pili nikamwonyesha ukuta wenye doa kama lile. Nikamwambia huenda madoa yote mawili yametoka kwenye kadi, na kwamba sina namna ya kumhakikishia. Alizilaza picha mbili juu ya magoti yake, akazitazama kwa zamu, mpaka Bahati akaanza kukohoa.

"Na wewe," aliniuliza, "ulikuwa pale?"

"Nilikuwa, Papa."

"Uliona nini na macho yako? Usiniambie ya kadi."

Nikamwambia. Walimfunika kwanza cha njano, mama mkwe akafungua mfuko, akatoa cha buluu, akakiweka juu, akakivuta begani. Nilipokuwa nasema niliona tena mkono ule ukivuta kitambaa, na wakati huo sikuwa na shaka.

"Foto moja," akasema Papa Bauma. "Macho yako, moja. Studio yenu inasemaka nini?"

"Zikuwe mbili."

"Ziko mbili."

Akamwambia mke wa mwanawe amfungue mbuzi.

Picha ya begani alibaki nayo. Ya ukuta akasema iende kwa Furaha. Bahati alimfunga mbuzi miguu, akamlaza mbele yake juu ya tangi, na mbuzi akaanza kulalamika kwa nguvu. Mzee akauliza kama zile nyimbo ziko bado. Ziko, nikasema, tumezihamisha kwenye simu ya Bahati. Akataka kuzisikia. Kwa hiyo tulisimama pale, sisi na mbuzi, tukisikiliza kwaya iliyokula miguu ya bibi arusi. Alisema ni nzuri, ila sauti ya nne imezidi.

Nilipoinua mguu kupanda nyuma ya Bahati, Papa Bauma alinizuia kwa fimbo yake.

"Munafanya nini? Mbuzi huku na foto huku. Musipande pamoja."

Tulimtafuta dereva wa pili. Mbuzi alitangulia, picha ikafuata, na vyote viwili vilifika Kibua.

Niliendelea na kazi baada ya hapo, na sikuwahi tena kuweka juu ya meza ya mtu kadi ambayo haijalala mahali pawili. Ivaeni mwilini kadi ya namna hiyo. Jospin sasa ana sahani ndogo ya bati pembeni ya kompyuta, na kilichowekwa kwenye sahani hakigusi. Msalimieni. Kama yule bibi arusi wa picha ni Furaha mwenyewe au nakala yake iliyopitia kwaya, bado sijui, na nadhani nitaendelea kuwaza jambo hilo mbele ya wanafunzi.

Begi liko chini ya dirisha la Mama Neema. Kadi tupu zinaangalia juu. Tumbo limechajiwa, nimefungua picha ya mwisho na moja ya katikati. Nimeangalia mara mbili. Angalieni na ninyi.